Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Kila Mara Naambiwa Nipunguze Mwendo?

Barua za safari hii nyingi zimetoka Dodoma mjini, na chache zimetoka Kondoa, Mpwapwa na Singida. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: iweje mbio, ambazo kila tabibu na kila jirani anazisifu, zimemuumiza aliyeandika barua au zimemshinda kabla ya mwezi kwisha? Nimechagua saba, nimezifupisha bila kugusa maana yake, na nimeyaficha majina kama wenyewe walivyoomba. Nilifundisha michezo shuleni kwa miaka mingi na bado nakimbia, lakini mimi si tabibu. Palipo na jambo la tabibu nimesema hivyo.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtumishi wa umma mwenye umri wa miaka 44. Nilihamia Dodoma kutoka Dar es Salaam miaka minne iliyopita, na sasa ofisi yetu iko Mtumba. Nakaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi jioni, uzito umefika kilo 91, na mara tatu nimeanza kukimbia nikaacha. Kila ninapoanza, dakika tano haziishi pumzi imekata, kifua kinawaka, na kesho yake siwezi kushuka ngazi. Wenzangu wanasema ni mwinuko wa Dodoma. Je, ni kweli? Nifanye nini? (Mtumishi, Ilazo)

Marahaba, ndugu yangu. Tuanze na mwinuko, maana ndicho kisingizio kinachopendwa na wengi waliohamia huku. Dodoma iko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyetoka pwani huenda akaona tofauti ndogo siku za mwanzo, hasa akipanda kilima, lakini hewa ya hapa haijawa nyepesi kiasi cha kumkata mtu pumzi kwa dakika tano, na wewe umekwisha kukaa hapa miaka minne. Mkoa huu huu ndio uliomzaa Juma Ikangaa, aliyeshinda mbio za marathoni za New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Mwinuko tuuache.

Kinachokukata pumzi ni mwendo wako. Nasema hivyo bila kukuona, kwa sababu nawaona wenzako kila Jumamosi alfajiri. Mtu anatoka getini, anatazama huku na huku kuhakikisha hakuna anayemwangalia, kisha anaondoka kwa ile kasi aliyokuwa nayo alipokuwa na miaka 17 na anaukimbilia mpira. Akifika nguzo ya nne ya umeme mikono iko kiunoni. Kuanzia hapo anatembea ameinamisha kichwa, anajiona amezeeka, na anarudi nyumbani kabla chai haijachemka. Uzee haujamfikia bado. Amekimbia mbio za mita 400 bila kujua, na mbio hizo huwachosha hata mabingwa.

Unapokwenda pole, misuli huchoma mafuta na sukari kwa kutumia oksijeni ambayo moyo na mapafu vinaifikisha kwa wakati. Ukizidisha kasi kupita uwezo wa moyo kuifikisha, misuli hulazimika kuvunja sukari bila oksijeni ya kutosha, na njia hiyo hutoa nguvu za haraka ambazo hazidumu. Ndipo unapohema kama mtu anayefukuzwa na miguu inapokuwa mizito. Mazoezi ya pole yakirudiwa wiki hadi wiki, moyo huweza kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, mishipa midogo ya damu ndani ya misuli huongezeka, na misuli yenyewe huongeza vile vinu vidogo ndani ya seli vinavyotengeneza nguvu. Mabadiliko hayo hayakudai uteseke. Yanakudai urudi keshokutwa, na mtu asiyeweza kushuka ngazi hawezi kurudi keshokutwa.

Utaujuaje mwendo unaokufaa? Kumbuka mchakamchaka. Kama ulisoma shule ya msingi katika nchi hii, au ulipitia JKT, ulikimbia huku ukiimba: kiongozi anatoa sauti, kundi linaitikia, miguu inafuata wimbo. Hatukujua wakati ule, lakini wimbo ulikuwa kipimo. Kiongozi akizidisha kasi, kiitikio hulegea, kikakatika, mwishowe akabaki anaimba peke yake na hana budi kupunguza. Wataalamu wa mazoezi wanatumia kipimo cha namna hiyo hiyo hadi leo: anayeweza kusema sentensi nzima huku anakimbia yuko katika mwendo wa wastani, na anayeweza kutoa maneno mawili matatu tu kabla ya kuvuta pumzi amekwisha kuingia katika mwendo mkali. Kwa hiyo nenda kwa mwendo ambao ungeweza kuitikia. Ukiona haya kuimba peke yako mitaa ya Ilazo alfajiri, jisimulie kwa sauti ya chini kazi zinazokungoja mezani.

Kwa wiki mbili za mwanzo toka siku tatu tu, zisizofuatana. Tembea kwa haraka dakika 5, kisha kimbia pole dakika 1 na utembee dakika 2, urudie hivyo mara saba, umalizie kwa kutembea. Wiki ya tatu kimbia dakika 2 na utembee 2. Baada ya hapo ongeza dakika moja ya kukimbia kila wiki, na wiki utakayoona ni nzito irudie bila kujilaumu. Watu wengi hufika dakika 30 za mfululizo baada ya miezi kadhaa. Mwendo wenyewe utauonea haya, tena mama anayekwenda sokoni na ndoo yake kichwani huenda akakupita. Mwache apite.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli, na linamtaka pia apunguze saa za kukaa. Hilo la mwisho ni lako kabisa: nusu saa ya barabarani haifuti saa tisa za kitini, basi simama na utembee ukumbini kila unapopokea simu.

Kuhusu uzito nitasema kweli, ingawa haitakufurahisha. Kukimbia kilomita moja huchoma takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili, yaani wewe ukikimbia kilomita 5 unachoma kama 455. Sahani ya chipsi mayai na soda huzirudisha zote kabla hujanyanyuka kwenye benchi. Kitambi kitapungua zaidi kwa kuangalia sahani kuliko kwa kuangalia barabara, ila presha, usingizi na moyo vitaanza kukujibu mapema, hata mizani ikiwa haijasogea. Na kwa umri wako, pamoja na hicho kifua kinachowaka, pita kituo cha afya upimwe presha na moyo kabla ya kuanza mara ya nne. Presha ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, mbio zisubiri mpaka daktari aishushe.

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 27, nami pia ni mwalimu. Nilianza kukimbia mwezi wa Januari, na nilipoona nimezoea nikapanda kutoka kilomita 3 hadi 8 kwa siku ndani ya wiki tatu. Sasa nina maumivu upande wa ndani wa ugoko, mguu wa kulia zaidi na wa kushoto kidogo. Raba zangu nilizinunua mnadani. Rafiki yangu ananishauri nikimbie tu, eti maumivu yatakimbia yenyewe. (Mwalimu, Nkuhungu)

Marahaba, mwenzangu. Rafiki yako ana nia njema, na ushauri wake ndio unaojaza vyumba vya mazoezi ya viungo hospitalini.

Pumzi huja mapema kuliko mifupa. Ndani ya wiki chache moyo na mapafu vinaanza kuzoea, nawe unajisikia mwepesi, unaona kilomita 8 ni jambo dogo. Lakini mifupa, kano na maungio huhitaji miezi kujijenga upya, kwa kuwa damu inayopita humo ni kidogo kuliko inayopita kwenye misuli. Kila unapotua, mguu hupokea mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wako, na mkimbiaji hutua zaidi ya mara 150 kwa dakika. Zidisha mwenyewe, kwa kuwa wewe ni mwalimu. Katika wiki hizo tatu mapafu yako yaliandika hundi ambayo mfupa wa ugoko haukuwa na akiba ya kuilipa.

Nayajua haya kwa kuyalipia. Nilipokuwa na miaka 41 nilijiona nimeiva, nikaongeza vilima siku nne mfululizo, na asubuhi ya siku ya tano nilipokanyaga sakafu kutoka kitandani kano ya kisigino ilikuwa imekakamaa kama kamba ya katani iliyolowa ikakauka. Nilichechemea kwenda chooni nikishika ukuta. Nilikaa miezi mitano bila kukimbia, kwa sababu ya siku nne.

Fanya jambo hili leo. Kaa chini, pitisha kidole gumba taratibu juu ya ugoko kutoka goti hadi kifundo. Ikiwa maumivu yametanda sehemu ndefu, kama upana wa kiganja au zaidi, na yanapungua mwili ukipata joto, hiyo ni hali ya kawaida ya ugoko kuelemewa: acha mbio wiki mbili au tatu, tembea au endesha baiskeli ikiwa haikuumizi, kisha rudi kwa nusu ya umbali uliokuwa ukikimbia kabla ya kuumia. Ikiwa maumivu yako mahali pamoja padogo, kama sarafu, yanazidi unapokimbia na yanakuamsha usiku, inawezekana mfupa umeanza kupata ufa. Huo ni wa daktari na picha, wala usiupime kwa ushujaa.

Sasa raba. Sina ugomvi na raba za mtumba (na msomaji wa Ilazo asidhani ninazungumzia ofisi yake). Nimekimbilia nyingi na baadhi zilikuwa bora kuliko mpya za dukani. Ila zikague kama mama anavyokagua nyanya. Ziweke juu ya meza zikiwa sambamba, uchuchumae uzitazame kwa nyuma usawa wa macho. Kisigino kikiwa kimelala upande mmoja, ziache hapo hapo, kwa kuwa umeununua mwendo wa mtu mwingine na miguu yako italazimika kuuiga. Zikunje: zinatakiwa zipinde penye vidole, si katikati ya unyayo. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, sponji yake imekwisha kufa hata kama juu inang'aa. Acha nafasi ya upana wa kidole mbele ya dole gumba la mguu, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi.

Ukirudi, tafuta njia ya udongo ulioshindiliwa badala ya lami tupu, ukiangalia makorongo na mbigili. Mara mbili kwa wiki simama kwenye ukingo wa ngazi, ujinyanyue kwa vidole na ushuke taratibu, mara 15 kwa mikupuo mitatu. Zoezi hilo ni dogo, linachosha kulitazama, na ndilo ambalo lingeniokolea miezi yangu mitano.

Mwalimu, hapa mtaani kuna wenzetu wanakimbia saa 9 alasiri wamevaa makoti mazito, wengine wamejifunga nailoni tumboni, ili kitambi kiyeyuke. Inasaidia? (Kijana, Chang'ombe)

Haisaidii. Jasho ni maji na chumvi, wala si mafuta yaliyoyeyuka. Mizani itashuka nusu kilo, na nusu lita ya maji itairudisha kabla ya magharibi.

Hatari yake ni kubwa kuliko upuuzi wake. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka juu ya ngozi, na nailoni huzuia jasho lisikauke. Mwezi wa Oktoba na Novemba, joto la hapa linapopita nyuzi 30 na jua liko wazi, mtu wa namna hiyo anaweza kupatwa na kiharusi cha joto, ambacho huua. Ukimwona mwenzako anaongea maneno yasiyoeleweka, anayumba au ameanguka na mwili unawaka, mpelekeni kivulini, mvueni koti, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea mfululizo huku mkitafuta usafiri wa hospitali. Kumpoza kuanze kabla bajaji haijafika.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa mwisho ana miezi mitano. Kabla ya ujauzito nilikuwa nakimbia na ningependa kurudi. Nina vikwazo vitatu. Mama mkwe ninayeishi naye anasema nikikimbia kizazi kitashuka. Nikikohoa, matone ya mkojo hunitoka. Halafu muda pekee ninaoupata ni alfajiri, na mtaani kwetu kuna mbwa. (Mama, Kisasa)

Marahaba, mwanangu, na hongera ya mtoto.

Nianze na mama mkwe, kwa sababu hayuko mbali na ukweli kama vijana wanavyodhani. Mbio haziwezi kukikata kizazi kikadondoka. Lakini misuli iliyo chini ya nyonga, ile inayobeba kizazi na kibofu, hutanuka sana wakati wa ujauzito na wa kujifungua, na kuirushia mzigo wa mbio kabla haijapona kunaweza kuleta hisia ya uzito ukeni au kuzidisha tatizo lililokwisha kuwapo. Ndiyo maana wataalamu hushauri mama asubiri angalau wiki 12 baada ya kujifungua kabla ya kukimbia. Wewe umezipita. Hata hivyo, yale matone unapokohoa yanakueleza kwamba misuli hiyo bado haijarudi, kwa hiyo ianze yenyewe kabla ya miguu: ibane kama mtu anayezuia mkojo na upepo, hesabu hadi tano huku ukipumua kawaida, iachie kabisa, rudia mara kumi, na ufanye hivyo mara tatu kwa siku. Unaweza kuifanya unaponyonyesha. Kwa muda huo tembea kwa haraka. Baada ya miezi miwili hivi, ukiona unaweza kutembea dakika 30 na kurukaruka kidogo bila kuvuja wala kuhisi uzito, anza ule utaratibu niliompa msomaji wa Ilazo. Matone yasipopungua, au ukihisi kitu kinashuka, mwone daktari wa wanawake.

Nyonyesha kabla ya kutoka, vaa sidiria ya mazoezi inayobana vizuri, na unywe maji zaidi ya ulivyozoea. Mazoezi ya wastani hayaharibu maziwa. Mama mkwe mweleze haya kwa upole, tena mwambie kwamba umeanza kwa kuitengeneza misuli anayoihofia. Nadhani atakubali kubaki na mtoto kwa nusu saa, na pengine hilo ndilo lililokuwa swali lenyewe.

Kuhusu alfajiri: mwezi wa Juni na Julai jua la hapa huchomoza karibu saa 12:40, kwa hiyo saa 11 ni giza totoro na baridi juu yake. Usitoke peke yako gizani. Tafuta mwenzako mmoja, au jiunge na kikundi cha jogingi cha mtaani, vaa nguo ya rangi nyeupe, kimbia ukielekeana na magari ili uyaone, na usizibe masikio kwa muziki. Mbwa akikujia usikimbie, kwani kukimbia humfanya akufukuze. Simama, usimkazie macho, zungumza kwa sauti tulivu, urudi nyuma polepole bila kumpa mgongo. Akikuuma, hata akikukwaruza tu, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Ndugu Mwalimu, salamu kutoka Kondoa. Nina umri wa miaka 63 na nina kisukari kwa miaka tisa sasa. Natumia vidonge, na vingine vya presha. Daktari ameniambia nifanye mazoezi lakini hakuniambia yapi. Wajukuu wanacheka nikisema nitakimbia. Na mwezi wa Ramadhani nifanyeje? (Mzee, Kondoa)

Shikamoo mzee wangu. Wajukuu waache wacheke, watachoka kabla yako.

Nakuomba urudi kwa daktari wako na maswali matatu uliyoyaandika kwenye karatasi. La kwanza: je, vidonge vyangu ni vya aina inayoweza kuishusha sukari kupita kiasi? Glibenklamidi ni mojawapo, na anayeitumia hatakiwi kukimbia akiwa na njaa. La pili: je, miongoni mwa dawa zangu za presha iko inayopunguza mapigo ya moyo? Zipo za namna hiyo, na mtumiaji wake hawezi kupima ukali wa zoezi kwa kuhesabu mapigo, bali kwa kile kipimo cha kuzungumza. La tatu: je, macho, figo na moyo wangu vimekaguliwa mwaka huu?

Akikuruhusu, anza kwa kutembea. Kutembea kwa haraka dakika 10 baada ya kila mlo huishusha sukari vizuri kabisa, wala sitaki uone ni zoezi la wanyonge. Mwezi wa pili changanya na mbio ndogondogo za nusu dakika. Pima sukari kabla ya kutoka: ikiwa chini ya 5 (kwa kipimo cha mmol/L), kula kwanza ndizi au kipande cha mkate, ikiwa juu ya 14, ahirisha, hasa ukijisikia vibaya. Mfukoni weka glukosi au pipi tano. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi na kuchanganyikiwa, kaa chini ule, usijikaze kufika nyumbani.

Jambo litakalokulinda zaidi ya yote ni miguu yako. Kisukari hupunguza hisia za nyayo, na huku kwetu miiba haina huruma. Kabla ya kuvaa raba, ingiza mkono ndani upapase kama kuna kijiwe au mwiba. Ukirudi, osha miguu, ikaushe hadi katikati ya vidole, kisha mwite yule mjukuu anayecheka kuliko wote akuangalizie nyayo kwa tochi ya simu. Akiona lengelenge, usilitoboe. Mchubuko usiopona kwa siku mbili tatu upelekwe zahanati.

Ramadhani, mwenye kisukari aulize kwanza daktari kama saumu yenyewe inamfaa. Akiruhusiwa, mazoezi yawe ya kutembea, saa moja au mbili baada ya futari, na tarawehe yenyewe ihesabiwe. Kukimbia alasiri ukiwa umefunga na umemeza dawa ni jambo ambalo sitakuunga mkono.

Habari za kazi, Mwalimu. Nina miaka 22, natokea Singida. Tangu Simbu ashinde nimeamua kuwa mkimbiaji. Nakimbia kilomita 5 bila shida. Kuna mbio za marathoni baada ya wiki nane, nataka kilomita zote 42. Nipe ratiba. (Kijana, Singida)

Nzuri, kijana wangu. Ratiba ya wiki nane sitakupa.

Furaha yako naielewa. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida yenu alimaliza kilomita 42.195 kwa saa 2:09:48 pamoja na Amanal Petros wa Ujerumani, muda ule ule, na ikabidi itazamwe picha ya mstarini kuamua kwamba Mtanzania ametangulia kwa sekunde 0.03. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Wewe uliiona ile sekunde. Mimi nakuomba utazame miaka iliyo nyuma yake: wa tano katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, shaba ya dunia London mwaka 2017, wa pili Boston Aprili 2025. Huyo ni mtu aliyeumbwa kwa mbio, aliyefundishwa, na bado ilimchukua miaka tisa kutoka nafasi ya tano hadi ya kwanza.

Marathoni si kilomita 5 mara nane. Mwili huhifadhi sukari ya misuli inayotosha kama kilomita 30 hivi kwa watu wengi. Baada ya hapo asiyezoeza mwili wake kuchoma mafuta hukutana na kile wakimbiaji wanachokiita ukuta, na huko ndiko vijana wenye miaka 22 na mapafu mazuri hukaa kando ya barabara wakilia. Kwa wiki nane zako kuna mbio za kilomita 10; karibu kila marathoni ya hapa nchini huwa nazo. Jiandikishe hizo. Kimbia siku nne kwa wiki, tatu za pole na moja yenye vipande vya kasi, na siku ya pole ndefu kuliko zote iongezwe kilomita moja tu kwa wiki. Nusu marathoni mwaka ujao, marathoni nzima baada yake.

Siku ya mashindano kilomita mbili za kwanza utapitwa na watu wengi, na utataka kuwajibu. Filbert Bayi, Mtanzania mwenzetu, aliongoza tangu mlio wa bastola pale Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, hakupitwa, na akavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3, sekunde 32.2. Sasa umekwisha kuisikia hadithi hiyo, hutakuwa na haja ya kuijaribu.

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu. Nikikimbia mchakamchaka shuleni nachomwa ubavuni chini ya mbavu mpaka nasimama. Asubuhi huwa nakula kiporo cha makande. (Mwanafunzi, Mpwapwa)

Marahaba, mjukuu wangu. Hicho ni kichomi, na kinawapata wengi waliokula au kunywa vitamu muda mfupi kabla ya kukimbia. Kikikuanza usisimame ghafla: punguza mwendo, bonyeza mahali panapouma kwa vidole, inama kidogo mbele, utoe pumzi ndefu mdomoni kama anayepuliza moto wa kuni. Kwa kawaida huisha ndani ya dakika chache. Maumivu yakiwa kifuani, au yakiambatana na kizunguzungu na kuzimia, hicho si kichomi. Mwambie mwalimu wako siku hiyo hiyo upelekwe hospitali.

Makande ni chakula kizuri sana, ila maharage yake huchukua saa mbili tatu kutoka tumboni. Yale uliyobakiza jana yafunike, unywe kikombe kidogo cha uji kwanza, na uyale ukirudi kutoka uwanjani.